Kutwa Mara Tatu

Asubuhi ile Lwitiko Mwasandube aliwaamkia watu wake wote, mmoja mmoja, kwa majina aliyowabandika mwenyewe, na kama kawaida hakuna aliyeitikia. Wangeitikiaje? Walikuwa mistari tu kwenye kioo cha mtambo, na kila mstari ulikuwa damu ya mtu fulani, mahali fulani asipopajua.

"Shikamoo, Mzee Ngazi," alisema huku akipuliza chai. "Leo naona mambo si mabaya. Na wewe, Bwana Harusi, figo zako zinakimbia kama zimeiba. Tulia kidogo."

Kituo chake kilikuwa juu kabisa ya milima ya Uporoto, chumba kimoja cha mawe chenye mnara wa mawasiliano ubavuni, ukungu mlangoni na mvua juu ya bati karibu mwaka mzima. Chakula kililetwa na ndege isiyo na rubani, ambayo iliweka sanduku chini, ikageuka, ikaenda zake. Miezi ya mwanzo Lwitiko alikuwa akiipungia mkono. Aliacha siku aliyojiona kwenye kioo cha dirisha, mtu mzima na mvi zake, anaaga chuma.

Siku zile dawa za kuua bakteria zilikuwa zimekwisha nguvu, si kwa kukosa viwanda, bali kwa sababu wadudu walikuwa wamezizoea zote. Mtu alichomwa mwiba Jumatatu, Ijumaa anazikwa. Ilibaki dawa moja, yenye jina refu la maabara ambalo hata madaktari walilitamka kwa kusitasita, kwa hiyo watu wakaiita Baki, yamekwisha.

Baki haikugawiwa ovyo. Kila aliyeandikiwa alivishwa kidude cheusi mkononi, kidogo kuliko kifungo cha shati, kilichong'ata ngozi na kukaa hapohapo. Serikali ilikiita Kionjadamu. Waswahili, ambao hawana muda na majina ya serikali, wakakiita kupe. Kila alfajiri, kabla ya dozi ya kwanza, kupe alionja tone la damu kuona ni dawa kiasi gani imebaki. Dozi ikishaingia, alionja tena kuona imepanda hadi wapi. Kwa maonjo hayo mawili mtambo ulimkatia kila mtu dozi yake kama fundi anavyokata kanzu, kwa kipimo cha mwili wake na si cha jirani. Aliyekuwa na figo hodari alipewa nyingi, mwenye figo zilizochoka alipewa kidogo, na kikopo cha dawa kilichokaa mezani kwake kilimpimia chenyewe kila alipokibonyeza.

Kwenye kioo cha Lwitiko palikuwa na mistari miwili myekundu, wa juu na wa chini. Ukivuka ule wa juu, Baki inakula masikio. Ukizama chini ya ule wa chini, wadudu hawafi. Wanaionja dawa, wanaijua, wanaambizana. Ndiyo maana mtu aliyezama chini mitaani aliitwa mwalimu, na hakuna aliyelitamka neno hilo kwa heshima. Sheria juu ya walimu ilikuwa na kurasa nyingi, ila mezani kwa Lwitiko ilikuwa na vitufe viwili: Ongeza na Ondoa. Ukibonyeza Ondoa, kupe anajing'oa, kikopo kinajifunga, mlango wa mgonjwa unazungushiwa utepe wa njano, na anaachwa humo na ugonjwa wake. Na msomaji damu, kama alivyoitwa mtu wa kazi ya Lwitiko, hakuruhusiwa kumjua mgonjwa kwa jina wala kijiji, wala kusema naye hata neno moja.

Alimwacha Bi Tulizo wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama pembeni ya sahani. Kupe alikuwa amemwambia mambo machache tu juu yake: ni mwanamke, ni mzee, ni mwembamba, ana kidonda cha mguu kilichoingia mfupani. Lakini mstari wake ulikuwa umemshinda Lwitiko kwa uzuri tangu siku ya kwanza. Haukurukaruka. Ulipanda kwa adabu, ukashuka kwa adabu. Katika masika yale marefu, mvua ilipomfungia ndani mpaka akaanza kuzungumza na birika, alikuwa akikaa mbele ya mstari ule na kuuona kama mtu aliyeketi naye kimya chumba kimoja.

Sasa mstari huo ulikuwa na kasoro. Kila alfajiri ulikutwa umelala chini kabisa, chini ya ule mwekundu. Mtambo ulikuwa umetoa pendekezo la Ongeza, Lwitiko akabonyeza; ukapendekeza tena, akabonyeza tena, kwa moyo mweupe, akijua anamwokoa na kile kitufe kingine. Leo alfajiri ulikuwa chini vilevile, na onjo la pili lilikuwa limeugonga mstari mwekundu wa juu.

"Mgonjwa anafuja dawa," mtambo ulisema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na pumzi. "Pendekezo: Ondoa."

"Ngoja kwanza," Lwitiko alisema.

Aliagiza onjo la tatu, la katikati ya asubuhi, kitu ambacho msomaji aliruhusiwa kufanya ingawa wengi waliona ni kazi ya bure. Ukiwa na maonjo mawili baada ya dozi moja, unaweza kuchora mteremko na kuona damu inaipoteza dawa kwa kasi gani. Ikiwa figo zinafuja, mteremko unakuwa mkali. Alisubiri, chai ikapoa, jibu likaja. Mteremko wa Bi Tulizo ulikuwa uleule wa siku zote, wa mtu mzee, wa polepole. Figo hazikufuja chochote.

Akaangalia taarifa ya kikopo. Kilikuwa kimebonyezwa mara tatu jana, mara tatu juzi, mara tatu kila siku; saa hakikuandika. Basi dozi tatu zinatoka kikoponi, na damuni haziingii tatu.

"Kumbe," Lwitiko alisema, na moyo ukamwuma kama aliyeibiwa na rafiki. "Kumbe unagawa."

* * *

Kabla ya Baki palikuwa na dawa iliyoitwa Bluu, na kabla Bluu haijafa Lwitiko alikuwa na mke.

Subilaga alikuwa mcheshi, mpika ndizi hodari, mtu wa kuimba jikoni nyimbo alizosahau maneno yake. Alijifungua mtoto ambaye hakuishi, na homa ya uzazi ikamshika. Daktari alimpa Bluu. Bluu ilikuwa imekwisha kufa wakati huo, ila hakuna aliyejua. Wadudu wa Subilaga walikuwa wamefundishwa tayari na watu wasiomjua, wanawake wenye huruma waliokata vidonge vyao nusu kuwapa dada zao, wanaume walioacha dawa homa ilipopoa. Na wasomaji wa wakati ule walikuwa wakizungumza na wagonjwa. Waliombwa, wakaonea huruma, wakafumba macho. Lwitiko alimzika mkewe, na alipoomba kazi hii aliulizwa kwa nini anaitaka. Alijibu kwamba anataka kukaa mahali ambapo hataombwa na mtu.

Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa na kila sababu ya kubonyeza. Kidole kilifika juu ya kitufe, kikakaa hapo.

Hakuzuiwa na huruma. Angekuwa na huruma angejivunia. Alizuiwa na jambo la aibu zaidi: aliona kioo kitakavyokuwa kesho bila mstari ule, na nafasi tupu mahali pake, na mvua. Aliogopa kubaki peke yake na birika. Alijitukana kwa hilo. Halafu akajiambia kwamba kabla ya kumwondoa atamkaripia, angalau ajue ameua nini, na uongo huo ulimtosha.

Kupe alikuwa na spika ndogo ya kumkumbusha mgonjwa dawa kila asubuhi, na kinasa sauti, na mafundi walivijaribu kupitia mlango wao kwenye mtambo. Lwitiko aliufungua mlango huo wa mafundi, akakohoa.

"Haloo. Unanisikia?"

Ikaja sauti ya mwanamke mzee, kubwa, karibu ya kupiga kelele.

"He! Kupe! Leo umekuwa mwanamume?"

Lwitiko alikuwa na maneno makali aliyoyapanga. Yote yalimpotea. Ilikuwa mara ya kwanza katika muda mrefu mtu kumwelekezea swali.

"Mimi si kupe, bibi. Mimi ni... mimi ndiye ninayeangalia dawa yako. Shikamoo."

"Sema kwa nguvu, baba! Siku hizi unaongea kama umetumbukia mtungini."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Ehe, hapo nimekupata."

Lwitiko alisogea karibu na kioo. "Tangu lini husikii vizuri, bibi?"

"Tangu uliponizidishia hivyo vidonge. Masikio yanalia nyenze mchana na usiku. Nyenze wenyewe wa michungwani siwasikii tena. Nawasikia hawa wa kichwani."

Alitazama mstari mwekundu wa juu, na kitufe cha Ongeza kilichochakaa rangi kwa kidole chake. Sauti yake ikawa kali, maana mtu akiogopa hukasirika.

"Bibi, dozi ya tatu unampa nani?"

"Nimpe nani?"

"Nakuuliza wewe. Dawa hii haigawanywi. Kuna mtu hapo nyumbani unampa."

Bibi alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. "Mtu? Hapa Kwelumbizi ya Muheza, kwenye michungwa ya marehemu mume wangu, mna mimi na paka, na paka naye kahamia kwa jirani anakopikwa samaki. Wanangu wako huko kwenye miji ya watu, wanapiga simu Idi kwa Idi. Mtu wa kumpa ningempata, baba, ningempa kwanza chai."

"Basi unainywaje dawa?"

"Kama unavyoniimbia kila siku. Kutwa mara tatu. Jua likichomoza nakunywa, jua likiwa utosini nakunywa, jua likizama nakunywa. Kutwa yangu imekwisha, nafunga mlango, nalala."

"Na usiku?"

"Usiku si kutwa. Usiku ni kucha." Alisema hivyo bila ubishi, kama anamweleza mgeni mlango wa choo ulipo. "Mchana kutwa, usiku kucha. Ungeniambia kutwa na kucha ningeamka. Usingizi wa uzee wenyewe uko wapi?"

Lwitiko alichukua kalamu, akayaandika maneno hayo.

Mchana kutwa, usiku kucha. Alikuwa amelitamka fungu hilo tangu shule bila kulisikia hata siku moja. Kiswahili alikikuta darasani, baada ya Kinyakyusa cha mama yake, na kutwa mara tatu alikikuta kwenye bahasha za dawa, kikiwa na maana ya hospitali: gawanya siku nzima, mchana na usiku, sehemu tatu sawasawa. Ndivyo alivyoelewa kila mtu aliyemjua. Ndivyo mtambo ulivyofundishwa. Lakini huko Muheza, kwa bibi aliyezaliwa ndani ya lugha, kutwa bado ilikuwa na jua ndani yake, na jua likizama neno linakwisha.

Na Baki haiui kwa wingi, huua kwa kudumu. Haina haja ya kuwa nyingi damuni. Inataka tu isitoke. Bibi aliifululiza mchana, usiku mzima ikamwisha, alfajiri kupe akaonja patupu. Mtambo ukadhani ni mfujaji, ukaongeza. Dozi zikawa kubwa, zikapandana mchana, zikayala masikio. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya alivyoambiwa, na bibi wa watu alikuwa anakuwa kiziwi.

"Bibi," alisema. "Unaitwa nani?"

"Mwantumu. Mwantumu Shemdoe. Na wewe?"

Hakuna aliyemwuliza hilo tangu apande mlima. Alijibu kwa sauti ndogo, na ikabidi arudie kwa kupiga kelele.

* * *

Alirudisha dozi chini. Akampangia upya: jua linapochomoza, jua linapoanza kupinda, na usiku watu wakishalala.

"Ya usiku nitakuamsha mwenyewe," alimwambia, na aliposema hivyo alijua amekwisha kuiacha sheria mbali.

Zikafuata siku ambazo Lwitiko angezikumbuka kama mtu anavyokumbuka siku za uchumba. Usiku ulipofika alifungua mlango wa mafundi na kuita mpaka koo likamwuma, Bi Mwantumu akaamka akilalamika, akameza, kisha wakazungumza. Bibi alimsimulia jinsi marehemu mumewe alivyoiba pikipiki ya kaka yake ili aje kumchumbia, na jinsi ilivyozimika mbele ya baba mkwe. Alimwuliza Lwitiko huko mlimani anakula nini, na alipojibiwa alisikitika kwa dhati. Siku moja Lwitiko alimtaja Subilaga kwa jina. Bi Mwantumu hakusema pole. Aliuliza ndizi alizipikaje.

Na mstari ukarudi. Alfajiri moja ulikuwa katikati ya mistari miwili, umetulia, na homa imeshuka, na kidonda kwa maelezo ya mwenyewe kimeacha kunuka. Masikio hayakurudi. Kila usiku ilibidi aite kwa nguvu zaidi.

Angeweza kuishia hapo. Lakini Lwitiko alikuwa msomaji, na jicho lililokwisha kuona umbo fulani haliwezi kuacha kuliona. Alifungua mistari ya zamani kwenye mtambo, ya walimu walioondolewa. Alfajiri tupu, mchana wa kutosha, kikopo kimebonyezwa mara tatu kwa uaminifu. Alimpata mmoja, akampata mwingine. Wengine walikuwa wa vituo vya mbali. Wawili walikuwa wake. Mmoja alikuwa akimwita Kibiriti, kwa jinsi alivyowaka na kuzima, na siku aliyomwondoa alikunywa chai kama siku nyingine. Sasa alilia mbele ya kioo kwa sauti, mvua ikimsaidia. Kisha akaona kwamba katika mistari ya leo, inayoishi, kulikuwa na wengine wanaoshuka alfajiri vilevile.

Dawa yao ilikuwa nyepesi: kubadili neno moja kwenye kinywa cha kupe. Ila mtambo haubadili neno kwa kukisiwa. Unauliza umejuaje. Na jibu lilikuwa moja tu: nimezungumza na mgonjwa. Sheria iliyatazamia hayo pia, iliyaandika baada ya Bluu: mgonjwa aliyesema na msomaji, damu yake haiaminiki tena. Anaondolewa.

Angenyamaza, Bi Mwantumu angepona na wengine wangeendelea kufungiwa milango mmoja mmoja. Angesema, wengine wangepona, na mlango wa kufungwa ungekuwa wa michungwani.

Alifikiri kumficha bibi asijue. Kisha akakumbuka kwamba yote haya yametokana na kuamuliwa bila kuulizwa. Usiku ule, bibi alipokwisha kumeza, alimweleza. Haikuwa rahisi. Ni jambo la kunong'onwa, naye ilibidi alipige ukelele, arudie, achague maneno mafupi zaidi, mpaka lilipobaki uchi kabisa: "Nikisema, wao wanapona! Wewe unanyang'anywa dawa!"

Lwitiko alisikia upepo kwenye michungwa, upepo ambao bibi mwenyewe hausikii.

"Unaniuliza," alisema Bi Mwantumu, "au unaniaga?"

Lwitiko aliuondoa mkono wake kwenye vitufe.

"Maana kama unaniuliza, nitakwambia kweli. Mimi sitaki kufa. Watu wanadhani mzee kachoka. Sijachoka. Mguu umeanza kukanyaga, machungwa yanakaribia, nataka kuyala." Akavuta pumzi. "Na hao wengine nao hawataki. Sasa nikwambie nini? Ungekuwa hapa ningekutazama usoni nijue unataka nikujibu lipi. Kitufe ni chako, Lwitiko. Usije ukasema nilikushikia kidole."

"Nisamehe, bibi."

"Sikusikii," alisema, na Lwitiko hakujua kama ni masikio au ni hasira.

* * *

Alituma taarifa alfajiri. Aliandika jina lake, akaandika kwamba amezungumza, akaandika neno lilivyo na linavyosikika. Mtambo haukumwita mvunja sheria wala shujaa.

"Taarifa imepokelewa. Kauli ya kupe itarekebishwa katika vituo vyote. Mgonjwa ataondolewa. Msomaji abaki kituoni hadi atakapofuatwa."

Kwenye kioo, mstari wa Bi Tulizo ulisimama. Haukushuka wala kupanda. Uliishia tu, kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje.

Lwitiko hakubaki kituoni. Kila msomaji, kwa kuwa aliishi mbali na hospitali, alipewa kopo lake mwenyewe la Baki, limetiwa lakiri, la kumtosha kuugua mara moja tu. Alilishusha ukutani, akatia begi la nguo mbili, sindano za kutolea damu na kipimo cha mkononi cha kizamani walichojifunzia chuoni. Mtambo hakuweza kuubeba, lakini kwa Bi Mwantumu hakuuhitaji. Mteremko wa damu ile aliujua kuliko njia ya kwao.

Alishuka kwenye ukungu kwa miguu, akadandia lori la viazi, akapanda treni. Watu walikuwa wengi kuliko alivyokumbuka. Mama mmoja aliyeketi naye alimkaribisha karanga, na Lwitiko alishukuru mno hata mama akamwangalia kwa wasiwasi.

Kwelumbizi aliiulizia Muheza mjini. Nyumba aliijua kabla ya kuonyeshwa, kwa utepe wa njano uliozungushwa mlangoni na kwenye nguzo za kibaraza. Machungwa yalikuwa yameanza kubadili rangi. Bibi mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya utepe, mguu mmoja umefungwa kitambaa, anatazama barabara.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," alisema.

Bibi alimtazama mdomo, kisha macho, kisha begi. "Ndiye wewe uliyetumwa kunimalizia?"

"Hapana. Ni mimi. Lwitiko."

"Sisikii, baba. Nilikuwa nasikia kidogo, sasa basi. Kama una karatasi iache hapo."

Alisema tena. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Bi Mwantumu alitikisa kichwa kwa upole, kama mwenye duka asiye na bidhaa. Ndipo Lwitiko alipoelewa alichojiletea. Yeye alimjua mwanamke huyu kwa damu tu, na mwanamke huyu alimjua yeye kwa sauti tu, na sauti haikuwapo tena.

Aliinama, akapita chini ya utepe. Kwa kufanya hivyo alijifungia naye, alilijua hilo. Akachuchumaa mbele ya kigoda, akafungua kopo, akaweka kidonge kiganjani. Akaonyesha jua juu ya michungwa. Akaonyesha lilikotoka, na akashusha mkono taratibu mpaka linakozama. Kisha akafumba macho, akalaza shavu kwenye kiganja, akakoroma. Akajiamsha kwa kujitikisa bega, akainua kidonge.

Bi Mwantumu alimwangalia mzee mwenye mvi anayekoroma barazani kwake. Midomo ikamcheza.

"Kutwa na kucha," alisema polepole.

Lwitiko aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka bila kuyazuia.

"Loo," alisema bibi, akimkagua juu hadi chini. "Kwa sauti ile nilidhani wewe ni mtu mrefu."

Lwitiko alimtoa damu jioni, akaipima, akakata vidonge kwa kisu cha jikoni kwa kadiri ya kichwa chake. Wakala ugali na mchicha. Bibi alimtandikia mahali kwenye sebule, akaenda kulala, na Lwitiko akaketi kwenye kiti kando ya mlango wa chumba, akiogopa usingizi usimpitishe saa. Nje nyenze walikuwa wakilia kweli kweli. Wakati ulipofika aliingia na maji, akamgusa bega.

Bibi alishtuka, akamwona, akatulia. Akameza. Kisha hakulala tena mara moja. Alibaki ameegemea mkono, anamtazama aliyesimama na kikombe kitupu, macho mekundu kwa uchovu wa safari.

"Na wewe," alisema kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia, "huko kwako nani hukuamsha?"

Lwitiko alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akatikisa kichwa.

Bi Mwantumu akamnyang'anya kikombe, akakiweka sakafuni upande wake.

"Nenda kalale," alisema. "Ya alfajiri nitakuamsha mimi."